Ng'ombe wa Mwero

Jumamosi, 28 Mei 1955

Idd imekwisha, na mwenyekiti wetu Mzee Abdurahman amenipa daftari jipya niandikie mambo ya timu, maana mimi ndiye katibu wa Shabaha. Nimenunua na la pili, hili, kwa ajili ya yale ambayo kamati haihitaji kuyasoma. Mimi ni Sefu, kipa kwa mwaka wa tisa, mchuuzi wa samaki hapa Msambweni tangu nipate akili.

Jana tulikaa kikao. Mwaka jana tulifungwa fainali ya Ngao ya Wilaya, bao moja bila, na tangu siku hiyo kila mtu sokoni amekuwa mwalimu wa mpira. Wanasema mafowadi wetu wana miguu, hawana wa kuwaongoza. Basi kamati imepata mtu, karani wa mifugo aliyehamishiwa huku, aliyejifunza kandanda jeshini. Yeye ndiye atakayeamua mashambulizi yaende vipi.

Nikauliza, "Na mimi je? Miaka minane si mimi ninayewapigia kelele kutoka golini, nani aende wapi?"

"Wewe una mdomo, Sefu," alisema Mzee Abdurahman. "Tunatafuta kichwa."

Wakacheka wote. Nikacheka nami, maana mtu mzima halii kikaoni.

Jumanne, 31 Mei

Mgeni amefika. Anaitwa Mwero, Mduruma wa Ndavaya, mrefu, mwembamba, mpole wa kuudhi. Aliniamkia "Shikamoo, kaka" ingawa hatupishani sana miaka. Nikamwonyesha kapu langu nimkaribishe kitoweo. Akaangalia kama aliyeonyeshwa nyoka. Kwao hawali samaki, hata majina yao hayajui, wote kwake ni samaki tu.

Nilimwambia mke wangu Mwanatumu, mtu asiyemjua hata samaki changu atatufundisha nini? Akasema, "Hakuja kufundisha changu."

Jumatano, 1 Juni

Mvua kutwa. Sikuuza.

Jumapili, 5 Juni

Mazoezi, uwanja tope tupu. Mwero aliwakusanya mafowadi akawaambia habari za ng'ombe wa baba yake. Nilidhani anapiga soga. Kumbe ndiyo mafunzo yenyewe.

Kuna ng'ombe anaitwa Madoa, zizi likifunguliwa yeye ndiye wa kwanza kutoka, hangoji mtu. Mwero akiita "Madoa!", mpira unatupwa mbele na senta fowadi anaukimbilia. Kuna Mchelewa, ambaye hutembea nyuma ya wenzake. Akiita "Mchelewa!", mpira unarudishwa kwake yeye mwenyewe Mwero, anayesimama nyuma ya mafowadi. Na kuna Pembemoja, ambaye hapendi kutembea katikati, hujisugua kwenye ua njia nzima. Huyo ni winga, apite kandokando ya mstari.

Kibwana, winga wetu wa kushoto, akauliza kama ni hao watatu tu. Mwero akasema yuko wa nne, Kengele, lakini huyo hafai uwanjani.

Vijana walicheka mpaka wakakaa topeni. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumapili, 12 Juni

Sisi na Bongwe, bila kwa bila. Watu walikuja kutoka Gazi kwa miguu kumtazama mpangaji mpya wa mashambulizi. Sokoni walikuwa wamekwisha kugawana magoli: huyu anasema matano, yule saba. Mwero akiita Madoa, Pembemoja anakimbia. Akiita Pembemoja, wote wawili wanasimama na kutazamana.

Jumapili, 19 Juni

Diani 2, sisi 1. Njiani kurudi hakuna aliyempa Mwero nafasi ya kukaa mbele ya lori.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili ni langu na sina haja ya kudanganya humu. Tulifungwa, nami nikafurahi, na usiku nilikula vizuri.

Jumanne, 21 Juni

Kibwana alipita kununua samaki. Huyu bwana hachagui kamwe. Husimama pembeni akasema, "Nichagulie wewe, kaka Sefu, wewe ndiye unayejua," akapokea nilichompa bila hata kukitazama. Mkewe Biasha, ambaye kwao ni Kinango, alifundishwa kupika samaki na mama mkwe, na sasa huwapika vizuri kuliko wa pwani. Leo nilimpa changu wawili wa asubuhi.

Akaniambia mafowadi wanafanya mazoezi peke yao kila jioni nyuma ya msikiti. Mwero huwaita, nao hukimbia bila mpira, kama wendawazimu. "Inaanza kuingia," alisema. Sikumuuliza zaidi.

Jumapili, 26 Juni

Tiwi 0, sisi 4.

Lazima niandike nilichokiona, na kipa huona kila kitu, maana sikuwa na kazi nyingine. Mwero hakukimbia hata kidogo. Alisimama katikati ya uwanja mikono nyuma, kama mchungaji kweli, akaita. "Madoa!" Bao. "Mchelewa! Pembemoja!" Kibwana akapita mstarini, akarudisha katikati, bao. Mabeki wa Tiwi walikuwa wakigeuza shingo kumtafuta huyo ng'ombe. Watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele, na wakati tunatoka watoto wote wa Msambweni walikuwa wakiita Madoa.

Katikati ya mchezo nilipiga kelele kama ada yangu, "Kushoto! Kushoto!" Mwero akaja mpaka golini, akaniinamia kidogo. "Kaka Sefu, samahani sana. Sauti zikiwa mbili, hawa watafuata ipi?"

Alisema kwa adabu. Angenitukana ningepata la kumjibu. Nilifunga mdomo mpaka filimbi ya mwisho, na mpaka sasa ninapoandika sijaufungua. Mwanatumu ameniuliza mara mbili naumwa nini.

Alhamisi, 30 Juni

Leo alikuja Kombe, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kinango. Kila mwezi huteremka na mbuzi na kupanda na papa na ng'onda wangu, samaki wa kukaushwa. Ni mtu wa maneno, nami ni mtu wa maneno, na tulikuwa hatujaonana tangu kabla ya Ramadhani.

Akaniuliza, "Nasikia mna mchungaji?"

Tukacheka. Nilikuwa na donge, na donge likipata msikilizaji hutoka lenyewe. Nikamweleza yote: Madoa ni nani, Mchelewa ni nani, Pembemoja anajisugua wapi. Nilimwigiza Mwero, mikono nyuma. Kombe alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Alipokuwa akifunga mzigo alirudia majina matatu polepole, kama anayehesabu, halafu akaniaga.

Kinango wamefungwa mechi mbili za kwanza. Si watu wa kuogopwa.

Jumapili, 3 Julai

Gazi 1, sisi 3.

Jumatano, 6 Julai

Kipupwe. Kusi limevuma siku nzima, mchanga umeingia hata kwenye ng'onda.

Jumapili, 10 Julai

Tulivuka kwenda Wasini, tukashinda mbili bila. Mwero alitapika kwenda na kutapika kurudi. Katikati nilimshika kichwa asianguke majini. Akaniambia, akiwa hoi, kwamba jeshini alipelekwa ng'ambo kwa meli na kwamba siku kumi na mbili alimwomba Mungu amgeuze ng'ombe, maana ng'ombe hapandishwi melini bila sababu. Nikacheka, naye akacheka, akatapika tena.

Ni mtu mzuri. Nasikitika kuandika hivyo, lakini ni mtu mzuri.

Jumapili, 17 Julai

Kinango wamewafunga Diani. Habari imefika sokoni kabla ya adhana ya magharibi. Bahati, watu wanasema.

Jumapili, 24 Julai

Nusu fainali, sisi na Bongwe tena. 5-1. Mpangaji ameombewa dua msikitini, yeye ambaye si Mwislamu. Mzee Abdurahman anatembea kama aliyeoa.

Jumamosi, 30 Julai

Idd ya kuchinja. Mwero alialikwa nyumba sita akaenda zote. Kwetu alikula nyama, akamsifu Mwanatumu, akacheza na mtoto. Mwanatumu alipokwenda jikoni nikatamani nimwambie kitu, nikamwambia habari za mvua.

Jumapili, 31 Julai

Kinango wameingia fainali.

Jumatatu, 1 Agosti

Sikuuza vizuri. Samaki walikuwa wazuri, mimi ndiye nilikuwa mbaya. Nilimrudishia mama mmoja chenji ya mtu mwingine.

Alhamisi, 4 Agosti

Kombe hakuja mwezi huu. Haijapata kutokea. Papa wake wananing'inia, nami kila nikiwaangalia nasikia anavyorudia yale majina matatu polepole.

Najiambia ni mzaha tu, amekwisha kusahau. Najiambia wachezaji wa Kinango hawasikilizi wauza mbuzi. Halafu nakumbuka kwamba kapteni wao ni mdogo wake.

Wazee walisema, hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mkizi hukasirika akaruka, akaangukia ndani ya mtumbwi wa mtu. Mimi ndiye niliyeruka, na Kombe hata wavu hakuutupa.

Jumanne, 9 Agosti

Mwanatumu: "Sema, au nenda kwa tabibu."

Sikusema.

Jumamosi, 13 Agosti

Asubuhi niliacha kibanda, nikapanda baiskeli mpaka kwenye zizi la serikali ambako Mwero hupiga ng'ombe sindano. Alikuwa amevaa koti la kaki, sindano mkononi, ng'ombe wamepangwa foleni. Nilisimama nje ya ua kama mtu aliyekuja kutibiwa.

Nikamwita, nikamwambia yote. Sikuyapunguza. Nilimwambia hata kwamba tulipofungwa na Diani nilifurahi. Hilo hakuwa na haja ya kulijua, lakini kinywa kikishafunguka hakichagui.

Mwero alimpiga sindano ng'ombe aliyekuwa mbele yake. Akampiga wa pili, na wa tatu. Nilidhani amekusudia kutonijibu, nikageuza baiskeli.

"Kaka Sefu," akasema. "Niliwaambia kuna ng'ombe wa nne."

"Kengele."

"Alivishwa kengele tangu ndama. Zamani, wezi wa mifugo walipokuwa wakija, babu yangu alilificha kundi vichakani usiku. Kila mnyama alikaa kimya ila mama wa mama yake Kengele, aliyeivaa kengele hiyo kabla yake. Akitikisa shingo tu, wezi wanajua kundi liko wapi. Watu wakamwambia babu, mchinje."

"Akamchinja?"

"Babu hakumchinja. Usiku mwingine alimtoa peke yake, akamswaga njia ya Samburu, kengele ikilia. Wezi wakaifuata kengele. Kundi likapita upande wa pili."

Akachovya sindano katika dawa. Mimi nilikuwa nikilia, nadhani, ila upepo ulikuwa mkali na mtu asiyenijua angesema ni vumbi.

"Kesho mimi ndiye nitakayekuwa Kengele," akasema. "Nitawaita ng'ombe wangu, na Kinango watawafuata. Lakini hawa vijana wetu watamfuata nani?"

Nilifikiri. Ndavaya hawajui samaki. Kinango hawajui samaki, zaidi ya papa mkavu. Na Msambweni hakuna fowadi asiyejua kolekole hukimbizana na vidagaa kwa kasi gani, au kwamba chewa hakai mbali na shimo lake, au mkizi huruka. Nikamweleza. Kolekole, mpira mbele. Chewa, urudishwe nyuma. Mkizi, upigwe juu. Alirudia majina moja moja, akayakosea yote.

"Wewe ndiye utakayeita," akasema. "Kutoka golini, kama zamani."

Alasiri tulifanya mazoezi. Mwero aliwaambia vijana kwamba ng'ombe wamezoeleka, huenda Kinango wamesikia, kesho wataitwa samaki. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakunitazama. Haikuchukua saa moja. Hakuna aliyehitaji kufundishwa chewa anakaa wapi.

Jumapili, 14 Agosti

Kwale, uwanja wa juu kilimani. Watu wengi kuliko nilivyopata kuona. Kinango walivaa nyeupe. Kombe alikuwa miongoni mwao karibu na kona, akaniona, akatazama viatu vyake.

Tulishindwa kura ya kuchagua lango, tukacheza kipindi cha kwanza upepo ukitukabili. Mwero akaita, "Madoa!" Palepale mabeki wawili wa Kinango wakarudi nyuma mbio kumziba senta fowadi wetu, hata kabla mpira haujaguswa. "Pembemoja!" Watatu wakamvamia Kibwana mstarini. Walijua kila kitu. Nilikuwa nimekwisha kukiri, lakini kuona kwa macho ni kitu kingine, na kila walipokimbia nilihisi ni mimi ninayewasukuma mgongoni.

Nilipiga kelele, "Kolekole! Chewa!" Upepo ukanirudishia maneno kinywani. Hakuna aliyesikia ila beki wangu aliye karibu. Dakika ya thelathini walipata kona, mpira ukanipita juu ya vidole. Moja bila.

Wakati wa mapumziko hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa sauti. Lakini nilimsikia mtu wa kamati akimnong'oneza Mzee Abdurahman: "Kuna aliyewapelekea habari. Mke wa Kibwana kwao wapi?" Kibwana alikuwa akinyonya chungwa hatua mbili kutoka kwao. Aliacha kunyonya.

Kipindi cha pili kusi lilinijia kutoka mgongoni. Sijawahi kuushukuru upepo huo, unaoniharibia ng'onda miezi mitatu kila mwaka. Mwero akasimama mikono nyuma akaita kwa nguvu zake zote, "Pembemoja! Pembemoja!" Kinango nusu yao wakakimbilia kwa Kibwana. Nikaita, "Kolekole!" Sauti ilikwenda mpaka lango la pili. Senta fowadi alikuwa peke yake, akasawazisha.

Basi ikawa hivyo. Yeye anaswaga kundi lisilokuwepo, mimi namwaga samaki. Kapteni wa Kinango aliwapigia kelele wenzake waache kusikiliza, lakini sikio halina kope. Zikiwa zimebaki dakika chache Mwero akaita Madoa kwa sauti ya kukauka, nikaita "Mkizi!", Kibwana akaupiga juu, na mtu wa mwisho duniani ambaye ningemtazamia kukimbia akakimbia, Mwero mwenyewe, akaupiga kichwa. Mbili moja.

Ngao ni ya mbao na shaba. Ni ndogo kuliko nilivyodhani kwa miaka tisa.

Jumatano, 17 Agosti

Mji unafurahi, na huku unanong'ona. Biasha hakwenda kisimani leo, alimtuma wifi yake. Mwanatumu amerudi na maneno hayo akaniwekea mbele pamoja na chakula.

Ijumaa, 19 Agosti

Baada ya sala tulikula pilau kwa Mzee Abdurahman, wachezaji wote na kamati. Mwero alisifiwa, akaitwa kichwa cha Shabaha. Mimi nikasifiwa kwa mdomo, wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa kizuri.

Halafu mzee akanawa mikono, akasema, "Limebaki jambo moja. Kinango waliwajua wale ng'ombe. Sisi si watoto. Kibwana mwanangu, mkeo alikwenda kwao lini mara ya mwisho?"

Kibwana alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini. "Idd hii ya kuchinja, mzee. Lakini Biasha hata mpira wenyewe hajui una umbo gani."

"Wanawake huongea."

Nilimtazama Mwero, naye alitazama mkeka. Nikafahamu kwamba hatasema, hata wakimfukuza Kibwana hatasema, kwa sababu lilikuwa langu kulisema.

Nikasimama. "Ni mimi. Nilimwambia Kombe, muuza mbuzi, tarehe thelathini Juni, kibandani kwangu, kwa ulimi wangu. Biasha hana kosa. Nilifanya kwa wivu."

Nzi walitua kwenye pilau na hakuna aliyewafukuza.

"Wewe ulijua?" mzee akamuuliza Mwero.

"Tangu Jumamosi."

"Ukanyamaza?"

"Kwetu hatumchinji Kengele," akasema Mwero. Hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa.

Nimevuliwa ukatibu na ukipa, mwaka mzima nisiguse mpira wa timu. Mzee Abdurahman alisema bila kupandisha sauti, na ni haki. Kibwana alipita mbele yangu akatoka, hakunipa mkono.

Jumatatu, 22 Agosti

Daftari la timu nimemkabidhi Iddi, atakayekaa golini mwakani. Aliniuliza samaki pono huitwa wakati gani uwanjani. Nikamwambia pono haitwi, pono analala. Nimekatazwa mpira, sikukatazwa kusema.

Jumamosi, 27 Agosti

Mwero amekula changu kwetu. Kipande kidogo, na maji mengi.

Jumatatu, 29 Agosti

Kibwana alikuja kibandani. Siku kumi alikuwa akinunua kwa mchuuzi mwenzangu. Nikamsalimu, akaitikia salamu, maana salamu haikatazwi. Nikanyoosha mkono kwenye kapu kama kawaida.

"Acha," akasema. "Nitachagua mwenyewe."

Nikasogea pembeni. Akawainua mmoja mmoja, akawafunua mashavu, akawabonyeza macho, mtu ambaye miaka yote hakupata hata kumtazama samaki niliyempa. Alikaa muda mrefu. Watu walisubiri nyuma yake, wakajua. Mwishowe akamchukua changu mkubwa, mwekundu, akamweka juu ya jani.

Alikuwa wa jana. Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amechagua mwenyewe.

"Kibwana," nikasema, "huyo wa jana. Wa leo ni yule mdogo."

Akanitazama. Halafu akamrudisha yule mkubwa kapuni, akamchukua mdogo, akamfunga bila kumfunua mashavu.